Nani Aliamua? Ushirikiano wa Shule za Kimataifa na Malezi ya Kidemokrasia

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyote mliofika,

Nimealikwa kuzungumzia namna shule za nchi mbalimbali zinavyoweza kushirikiana katika kuwalea vijana kidemokrasia. Historia ya jambo hili mnaijua, kwa hiyo nitaigusa tu. Mtandao wa Shule Shirika wa UNESCO ulianza mwaka 1953. Ufaransa na Ujerumani ziliunda ofisi yao ya pamoja ya vijana mwaka 1963, miaka 18 tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpango wa eTwinning, unaoziunganisha shule za Ulaya kwa njia ya intaneti, ulizinduliwa mwaka 2005. Njia, basi, hazikosekani. Kinachonikera, na ambacho nimekisema katika vikao vingi bila kuchoka, ni kwamba ripoti zetu za ushirikiano hazijibu swali moja la msingi: nani aliamua?

Someni ripoti yoyote mtakayoipata. Mada ilichaguliwa na wakuu wa shule wawili, ratiba ikapangwa na mratibu, maswali yakaandikwa na mwalimu wa somo, na wanafunzi wakayasoma mbele ya kamera kutoka kwenye karatasi waliyopewa. Kisha aya ya mwisho inatangaza kwamba wanafunzi wamejifunza demokrasia. Walijifunza wapi? Mwaka 1992 Roger Hart, mtafiti wa maisha ya watoto, aliliandikia Shirika la UNICEF maelezo ya ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane, na vidato vitatu vya chini kabisa, yaani mtoto kutumiwa kwa hila, mtoto kuwa pambo, na mtoto kuwakilisha kwa jina tu, alivihesabu kuwa si ushiriki hata kidogo. Sehemu kubwa ya mikutano yetu ya video iko kwenye vidato hivyo vitatu, nasi tunaipigia makofi.

Niwasimulie kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kimebeba karibu yote ninayotaka kusema. Shule mbili za sekondari za nchi mbili tofauti, ambazo sitazitaja, ziliamua kwamba mada ya mwaka itachaguliwa na wanafunzi wenyewe. Shule moja ilikuwa na wanafunzi wengi mara kadhaa kuliko nyenzake. Wale wa shule kubwa walitaka mada ya uhifadhi wa maji. Wale wa shule ndogo walitaka kuzungumzia adhabu shuleni. Shule kubwa ikapendekeza kura ipigwe mara moja, kila mwanafunzi kura yake. Shule ndogo ikakataa, kwa hoja kwamba uchaguzi ambao mshindi wake anajulikana kabla ya kura ya kwanza hauna haja ya kufanyika, ikapendekeza kila shule iwe na kura moja. Hapo msichana mmoja wa shule kubwa akauliza swali ambalo wanasheria wa katiba hawajalimaliza hadi leo: kwa nini kura yangu iwe nyepesi kuliko yako, kwa kosa tu la kusoma mahali penye watu wengi?

Walimu walitamani kuingilia. Suluhisho lilikuwa mikononi mwao: mwaka huu maji, mwaka ujao adhabu, na kazi iendelee. Nawashukuru mpaka leo kwa kujizuia. Badala ya kuwapa wanafunzi jibu, waliwapa mifano ya watu wazima waliokwama palepale. Waliwaeleza jinsi wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kutunga katiba ya Marekani walivyogombana kuhusu majimbo makubwa na madogo, hata wakaishia kuunda mabaraza mawili, moja likifuata idadi ya watu na jingine likilipatia kila jimbo viti viwili. Waliwaonyesha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambamo Tuvalu, yenye watu wasiofika 15,000, ina kura moja sawa na India. Waliwaonyesha pia Baraza la Umoja wa Ulaya, ambako maamuzi mengi huhitaji asilimia 55 ya nchi wanachama zenye asilimia 65 ya watu wote wa umoja huo.

Baada ya vikao kadhaa wanafunzi wakatunga kanuni yao: mada itapita ikipata zaidi ya nusu ya kura zote kwa jumla, na isipungue theluthi moja ya kura ndani ya kila shule. Wakapiga kura, na hakuna mada iliyopita. Wakarudi mezani, wakazichambua mada zote mbili, wakaandika mpya: kanuni za usafi na matumizi ya maji shuleni, nani huzitunga, na nani huadhibiwa zinapovunjwa. Hiyo ikapita. Mwanafunzi mmoja wa shule kubwa hakuridhika, akataka iandikwe kwamba, kwa maoni yake, walio wengi wamenyimwa haki yao. Katibu, ambaye alikuwa wa shule ndogo, akayaandika maneno hayo katika kumbukumbu za kikao kama yalivyosemwa. Mimi nalithamini tendo hilo la katibu kuliko wimbo wowote wa amani ulioimbwa kwa lugha mbili.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba muda ule wote ulipotea kabla mada yenyewe haijaanza. Ndugu yangu, somo lilikuwa ni ule muda. Katika utafiti wa elimu ya uraia uliofanywa mwaka 1999 na IEA, jumuiya ya kimataifa ya kupima mafanikio ya elimu, vijana wapatao 90,000 wa nchi 28 walihojiwa, na ikaonekana kwamba darasa ambamo mwanafunzi hutoa maoni na kupinga kwa uhuru huenda pamoja na ujuzi mkubwa zaidi wa uraia.

Mwingine atasema watoto hawajakomaa kukabidhiwa madaraka. Huyo namkumbusha Janusz Korczak, daktari na mlezi wa yatima mjini Warsaw, ambaye katika makao yaliyofunguliwa mwaka 1912 aliweka mahakama ambayo mahakimu wake walikuwa watoto, na sheria zake nyingi zilielekea kwenye msamaha. Watoto wangeweza kumshtaki mlezi yeyote, na Korczak mwenyewe alishtakiwa. Basi sisi tunaogopa kuwaachia vijana wa sekondari ajenda ya mkutano mmoja?

Kuna pingamizi la tatu, nalo nalipokea kwa heshima zaidi: vipi ikiwa shule mojawapo iko mahali ambapo mwalimu anaweza kupata matatizo kwa kuzungumzia siasa? Usalama wa mwalimu na wanafunzi wake unatangulia. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kuombwa aikosoe serikali yake ili wa upande wa pili wapate somo la kusisimua. Lakini kuamua kwa kura ni nani atakuwa mwenyekiti wa kikao kijacho kunawezekana karibu kila mahali, na ndiko pa kuanzia. Nasi wenye nafasi kubwa zaidi tuache kwenda kwa wenzetu kama wakaguzi wa demokrasia. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale wanaokutana wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya pamoja, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Hadhi sawa haipo pale shule moja inaposhika akaunti ya fedha za mfadhili na nyingine inapongoja kuambiwa imepangiwa nini. Bajeti isomwe na wanafunzi wa pande zote mbili, mstari kwa mstari, kabla ya kupitishwa.

Nilikusudia kuzungumzia lugha kwa upana, lakini muda haunitoshi. Niseme tu kwamba wanaoongea lugha yao ya kuzaliwa huteka kikao bila kukusudia, kwa hiyo hoja zitumwe kwa maandishi mapema na uenyekiti upokezanwe. Mitambo naiacha, barua za karatasi ziliwahi kufanya kazi hii vizuri.

Nimalizie na mwisho wa ushirikiano wenyewe, ambao hakuna anayeuzungumzia. Ufadhili ukikatika au mratibu akihama, barua pepe zinakoma, na wanafunzi waliokuwa wakiandikiana hawaambiwi lolote. Kijana aliyepiga kura ya kuanzisha jambo ana haki ya kuulizwa linapofungwa. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yote yanayomhusu, na hili linamhusu. Kwa hiyo naomba kila hati ya makubaliano mtakayotia saini kuanzia sasa iwe na ibara inayosema kwamba ushirikiano hautavunjwa kabla ya kikao cha pamoja cha wanafunzi wa shule zote mbili, wakiwa wamepewa sababu kwa maandishi, na kwamba saini za wawakilishi wao zitakuwa kwenye hati hiyo kando ya saini za wakuu wa shule.