Msimu wa Joto Kwenye Alps: Nilishafika 5,895, Nikarudishwa 3,167

Haya, taa nyekundu inawaka, kwa hiyo tunarekodi. Habari zenu ndugu zangu. Mama, kama wajukuu wamekuwekea hii kwenye simu, shikamoo. Upepo mtausikia, mnisamehe, maikrofoni yangu nimeivalisha soksi lakini upepo wa hapa hauna adabu.

Nilipo panaitwa Col de Voza, mita 1,650 hivi, upande wa Ufaransa. Reli mnayoiona nyuma yangu ni ya treni ya meno inayopanda kutoka Saint-Gervais. Ule weupe juu ya bega langu la kulia... ngoja nisogee... ndiyo Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps. Tuko mwisho wa Septemba, msimu umekwisha, magoti yangu yamekwisha kabla yake.

Kwanza nisafishe jina langu. Mnaniita mwongozaji wa Mont Blanc, huko nyumbani mpaka padri ametangaza. Siyo! Sheria ya Ufaransa imeigawa kazi hii. Mimi nina leseni ya kutembeza watu kwenye njia za miguu. Nikifika mahali panapotaka kamba, au kwenye barafuto, yaani ule mto wa barafu unaojongea polepole ukiwa na nyufa za kumeza nyumba, leseni yangu imeishia hapo. Kutoka hapo ni kazi ya mwongozaji wa milima mirefu, yule mwenye beji ya UIAGM, umoja wa kimataifa wa vyama vya waongozaji. Huyo anasomea miaka kadhaa, na shule yao ya taifa, ENSA, iko hapa hapa Chamonix. Kabla hata ya kupokelewa anapeleka orodha ndefu ya milima aliyokwisha kuipanda. Na lazima ajue kuteleza kwenye theluji kwa ski. Mimi wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, niliyejifunza kuteleza kwenye matope ya shambani kwa bibi, ski nimeianza nikiwa na miaka thelathini na nne. Tuyaache hayo.

(Na wale wagumu wenzangu, wabeba mizigo wa Kilimanjaro, wanaopenda kusema "gaidi" badala ya guide: uwanja wa ndege wa huku msijaribu. Nimewaonya.)

Kazi yangu mimi ni kuuzunguka mlima. Njia inaitwa Tour du Mont Blanc, kilomita kama 170, inapita nchi tatu: Ufaransa, Italia, Uswisi. Unavuka Col de la Seigne unaingia Italia, unavuka Grand Col Ferret unaingia Uswisi, na hakuna anayekuuliza pasipoti, ni jiwe tu na kibao. Kundi langu huwa watu wanane hivi. Mnauliza wagumu wako wapi. Hakuna. Hakuna mpishi, hakuna wa kubeba hema, hakuna wa kuwaletea maji ya kunawa asubuhi. Masanduku ya wageni yanazungushwa na gari dogo kupitia mabondeni, na mchana kila mtu na begi lake mgongoni, awe mkurugenzi, awe nani. Wiki ya kwanza nilikuwa najisikia vibaya. Namwona mama wa miaka sitini anahema na begi, mkono wangu unakwenda wenyewe kulichukua. Akanikatalia, tena kwa ukali kidogo, kama nimemtukana.

Lakini leo nataka kuwaambia habari ya jirani yangu.

Jirani yangu, tumwite hivyo hivyo Jirani maana hapendi kamera, yeye ndiye mwongozaji hasa, wa kamba. Ni mwanamke. Wako wachache sana. Ufaransa nzima wa kwanza kupata cheti hicho, Martine Rolland, alikipata mwaka 1983 tu. Msimu wake unaanza katikati ya Juni, unakwisha Septemba. Katika miezi hiyo mitatu anatafuta sehemu kubwa ya riziki ya mwaka. Kwa Mont Blanc kwa njia ya kawaida anafunga kamba na wageni wawili, si zaidi. Kule Matterhorn, Uswisi, ni mgeni mmoja kwa mwongozaji mmoja. Hebu fikirini, sisi Kilimanjaro kundi la wageni sita lina watu ishirini na kitu nyuma yake. Jirani akiteleza, anateleza na mgeni wake. Mgeni akiteleza, ni yeye wa kumzuia, kwa kamba fupi aliyoishika mkononi, na mara nyingi hakuna kingine.

Pesa mnataka kujua, najua. Safari ya siku mbili ya Mont Blanc huzidi yuro 1,000. Msiruke kwa furaha. Amejiajiri mwenyewe, anakatwa bima, anakatwa mifuko ya jamii, na kodi ya nyumba bonde hili ni kichaa. Vijana wengi wa msimu wanalala kwenye magari yao. Mvua ikinyesha wiki nzima, hana mtu wa kumdai.

Sasa. Agosti nimetimiza arobaini. Jirani akasema zawadi yako ni mimi kukupeleka juu. Tukawa watatu kwenye kamba: yeye, mimi, na mpishi mmoja Mreno rafiki yetu. Ndugu zangu, mimi nimefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mara sitini na tatu, nilizihesabu kwenye daftari la mama. Mont Blanc ni mita 4,800 na kidogo. Wanaipima kila baada ya miaka miwili kwa sababu kofia yake ya barafu inanenepa na kukonda. Mwaka 2023 walipata 4,805.59. Kwa hiyo kichwani mwangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeshaandika hata maneno ya kuweka chini ya picha.

Tukapanda mpaka nyumba ya Tête Rousse, mita 3,167. Unaacha viatu mlangoni, unavaa kandambili za nyumba. Supu. Maji ya bomba hakuna, chupa ya maji unanunua, na bei yake nisiwaambie. Wote tunaambiwa tulale saa mbili usiku, jua bado linaonekana dirishani. Kabla ya kulala Jirani akatoka nje na bakuli la plastiki, akalijaza maji, akaliweka juu ya jiwe. Nikadhani ni la mbwa.

Juu ya nyumba ile kuna bonde wima linaitwa Grand Couloir. Ni lazima ulikate kwa ubavu ili ufike nyumba ya pili, Goûter, mita 3,835. Kulivuka ni dakika moja au mbili tu, lakini mawe yanashuka humo kama yamerushwa. Kati ya mwaka 1990 na 2017 watu zaidi ya 100 wamefia kwenye sehemu hiyo ya njia. Wenyewe wameipa jina la kifo.

Kwa nini mawe? Hili nimelielewa hapa, nyumbani nilikuwa naliona bila kulielewa. Mwamba wa juu umejaa nyufa, na ndani ya nyufa kuna barafu ya miaka mingi ambayo ndiyo saruji yake. Usiku ukiwa na baridi, kila kitu kinashikana. Usiku ukikosa baridi, saruji inalegea. Zamani waliweza kutegemea usiku. Sasa ule urefu wa angani ambako joto linafika sifuri, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 2023, juu ya Uswisi ulipimwa mita 5,298. Alps nzima ilikuwa chini yake! Hakuna kilele hata kimoja cha milima hii kinachofika huko. Na mwaka mmoja kabla, tarehe 3 Julai 2022, kipande cha barafu kilimeguka kwenye mlima Marmolada, Italia, kikaua watu 11. Msimu ule ule waongozaji wa hapa walisimamisha Mont Blanc kwa njia ya kawaida, nyumba mbili za njia hiyo zikafungwa. Meya wa Saint-Gervais alifikia kusema kila mpandaji aweke amana ya yuro 15,000, za kumwokoa na za kumzika.

Saa saba na nusu usiku tukaamshwa. Chai, mkate, tochi za kichwani, meno ya chuma ya viatu yananing'inia kwenye begi. Nikatoka nje nikimfuata Jirani. Akachovya kidole kwenye bakuli lake. Maji. Hata utando hakuna. Wale wa Barafu Camp kule Kilimanjaro mnajua, chupa ukiisahau nje ya hema usiku unaamka na jiwe. Hapa maji yalikuwa yanatikisika kama ya kunawa mikono. Tukanyamaza, na kwenye ule ukimya nikasikia kutoka gizani, juu kushoto, sauti kama lori linamwaga kokoto. Ikatulia. Ikaja tena.

Akasema, "Hapana. Kukipambazuka tunashuka."

Nikabishana. Ndiyo, nimebishana, nawaambia ukweli. Nikamwambia mimi hewa nyembamba nimezaliwa nayo, nimefika 5,895. Akaniambia, "Pumzi yako sina wasiwasi nayo. Ninalolikataa ni lile jiwe." Akaingia ndani kurudi kulala. Kulala! Mimi nikabaki kwenye benchi na kandambili za watu, hasira imenikaba.

Wengine walikwenda usiku ule. Niliona taa zao zinakata bonde, moja moja, mbio. Walivuka salama, wote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na Mreno naye akanipigilia msumari: "Unaona, tungepita." Jirani alipoamka tukamwambia. Akasema vizuri, amefurahi. Akaendelea kupaka siagi kwenye mkate.

Katika kukaa pale benchi ndipo nikakumbuka kitu ambacho sijawahi kukisema kwenye kamera. Miaka mingi nyuma, nikiwa msaidizi wa mwongozaji, tulikuwa na mgeni mwenye kikohozi tangu kambi ya Horombo, Kilimanjaro. Usiku wa kupanda kilele kikohozi kikageuka, kikawa na maji ndani, mnakijua kile, cha mapafu kujaa maji kwa ajili ya urefu wa mlima. Nilikijua. Lakini bosi wetu mjini alikuwa anahesabu vilele kama mayai, na tipu ya wagumu wote ilikuwa inamtegemea yule mzee afurahi. Nikamwambia pole pole, utafika. Akafika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta. Kutoka pale tulimteremsha kwa machela ile ya tairi moja, midomo ya bluu. Alipona, akatuandikia barua ya kutushukuru. Akatuma na tipu.

Jirani analipwa siku yake hata wageni wake wakiishia kwenye mkate na siagi. Mimi ningekuwa na hakika hiyo usiku ule, sijui. Labda bado ningesema pole pole. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilipenda kusifiwa.

Tarehe 15 Agosti, siku chache baadaye, ilikuwa sikukuu ya waongozaji Chamonix. Wanavaa sare zao, wanaitwa majina, kamba na sururu za barafu zinabarikiwa, waliokufa wanakumbukwa. Chama chao kilianzishwa mwaka 1821, na Jirani alinieleza kilitokana na nini. Mwaka 1820 kundi la mtaalamu mmoja wa kutoka Urusi, Dokta Hamel, lilikuwa linapanda Mont Blanc. Hali ya hewa mbaya, theluji mpya. Inasimuliwa kwamba waongozaji hawakutaka kuendelea, mgeni akashikilia. Theluji ikaporomoka, waongozaji watatu wakafa. Hamel alishuka mzima. Waliobaki wakaunda chama, na mfuko wa kusaidia familia.

Nikamwambia na sisi tunayo yetu. Januari 2006, njia ya Western Breach, Kilimanjaro, mawe yaliporomoka yakaua wageni watatu, na njia ikafungwa kwa muda. Barafu ya Kibo, kile kilele kikuu cha Kilimanjaro, nayo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kwa hiyo mawe yake na mawe yetu yanazungumza lugha moja. Akauliza ni nani aliyekuwa wa kwanza juu ya Kibo. Nikasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, 1889. Jina la Purtscheller likamshtua, kumbe Mwaustria, mtu wa Alps hizi, anamfahamu vizuri! Lakini Lauwo, Jirani hakuwahi kumsikia. Nikakaa naye saa nzima nikimweleza habari za Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, kijana anayetajwa kuwaongoza wazungu wale. Aliandika jina kwenye kiganja kwa kalamu.

Januari anakuja Moshi. Nitampeleka mimi, kwa njia ya Marangu, na mwongozaji mwenye leseni ya nyumbani ambaye ni binamu yangu. Tayari ameshaleta ugomvi: hataki mtu abebe begi lake. Nimemwambia, Jirani, ukibeba mwenyewe kuna kijana wa kijiji cha Mamba amekosa kazi siku sita. Akanyamaza, akasema atafikiri. Mpaka leo anafikiri.

Eeh, hiyo honi ni ya treni. Ya mwisho leo, na nikiikosa nashuka kwa miguu, magoti yenyewe haya. Mama, nitapiga Jumapili baada ya misa. Binamu, vitanda vya kambi ya Mandara usisahau kuviwekea nafasi, viwili, karibu na mlango, Jirani anaamka usiku kuangalia maji.