Wasio na nchi wawili

Mwenyekiti, wageni waalikwa, na nyie vijana wa nyuma mliofuata chai: karibuni.

Nimepewa mada ya uhusiano wa kibalozi kati ya Umoja wa Ulaya na Shirika la Kijeshi la Malta, shirika la Kikatoliki la watawa mashujaa wanaohudumia wagonjwa. Kila nikilifundisha jambo hili mkono unanyooka: "Mwalimu, hawa hawana nchi. Balozi wao anawakilisha nini?" Haya, tuanze na kozi.

Si kozi ya chuo. Kozi ndege. Mwaka 1530 Kaisari Karolo V, aliyekuwa pia mfalme wa Sisilia, aliwapa watawa hawa wenye panga visiwa vya Malta na Gozo, na Tripoli, ambayo iko Afrika hii hii. Kodi? Kozi mmoja kwa mwaka, apelekwe Sisilia Siku ya Watakatifu Wote. Hebu mwenye nyumba wako wa Sinza akudai ndege mmoja kwa mwaka! Na wapangaji hawa walishazoea kuhama. Kisiwa cha Rhodes waliondolewa na Waosmani, yaani Waturuki. Tripoli ikawaponyoka 1551. Malta yenyewe aliwatoa Napoleon mwaka 1798, tena akiwa anapita tu kwenda Misri. Tangu 1834 wako Roma, mtaa wa Via Condotti, katikati ya maduka ya mikoba ya bei mbaya: lango, ua, bendera nyekundu yenye msalaba mweupe. Ongezeni jumba moja kilimani Aventino, mmemaliza.

Ila Papa alipoitambua nyumba yao mwaka 1113, alitambua hospitali ya Yerusalemu. Malta hata hawakuwa wameiota. Ardhi imekwenda, wagonjwa wapo.

"Hilo ni kanisa, Mwalimu." Nimelisikia. Kenya ina uhusiano wa kibalozi nao, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100. Umoja wa Mataifa uliwapa kiti cha mwangalizi 1994. Halafu huo Umoja wa Ulaya ni nchi? Hadhi yake kisheria iliandikwa waziwazi kwenye Mkataba wa Lisbon, ulioanza kazi Desemba 2009. Mbona yeye hamumuulizi? Ujumbe wake wa Roma unaohudumia Vatikani ndio huohuo unaohudumia Shirika. Ujerumani, mwanachama mkubwa, ilijivuta hadi 2017 kuanzisha uhusiano wa kibalozi na Shirika.

Faida, haraka haraka: Malteser International, mkono wa misaada wa Shirika, uko kwa wakimbizi wa kaskazini mwa Uganda na uko Ituri, mashariki mwa Kongo, na umekuwa ukipata fedha za Umoja wa Ulaya. Dawa zikikwama forodhani, ubalozi unajua mlango wa kugonga.

Paspoti zao nilikuja na picha. Lakini mwenyekiti ameshasimama.