Usanisinuru Kwenye Mgomba wa Bibi

Mhadhara uliotolewa Moshi siku ya Saba Saba, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu

Wazazi wangu, walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi?

Asanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mwanafunzi wa lugha mbili. Tarehe 7 Julai wengi wetu tunaijua kama siku iliyozaliwa TANU, mwaka 1954. Tangu UNESCO ilipopitisha azimio lake Novemba 2021, ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Lakini sikuja hapa kukisifu Kiswahili. Kila mwaka kinasifiwa, na kesho yake mwanafunzi anarudi darasani na kukaa kimya palepale alipokaa jana. Nimekuja kuwasimulia yaliyonipata kwenye dawati, kwenye kibanda umiza, na kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la bibi.

Nikiwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa sayansi aliandika ubaoni neno usanisinuru. Akatueleza: mmea hujitengenezea chakula kwa maji, hewa ukaa na mwanga wa jua, na kazi hiyo hufanyika kwenye umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Nikaelewa, nikafaulu, nikaenda sekondari. Kidato cha kwanza, kipindi cha baiolojia, likaja neno jingine refu ambalo mimi kwenye daftari langu nililiandikia matamshi pembeni: fotosinthesisi. Nikakariri maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, koma kwa koma. Kwenye mtihani nikapata alama zote za swali lile.

Wazazi wangu, mnisikilize hapa. Sikujua kwamba ni kitu kilekile. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa na mambo mawili kichwani: moja la shule ya msingi nililolielewa, na jingine la sekondari nililolikariri. Hayakuwahi kukutana. Wala hakuna mtu aliyeyakutanisha, maana kutaja neno la Kiswahili katika kipindi cha baiolojia lilikuwa kosa.

Yalikutana Kirua Vunjo, likizo ya Desemba. Bibi yangu ana mgomba mmoja uliokaa chini ya mti mkubwa, karibu na mfereji. Kila mwaka mkungu wake unatoka mdogo, vidole vyembamba. Siku hiyo bibi akanipa panga nipande kupogoa matawi. Nikamuuliza kwa nini tuukate mti mzuri vile. Akanijibu kwa Kichagga, nami nawaletea kwa Kiswahili: "Huu mgomba una njaa. Jua haliufikii, utapata wapi chakula?"

Nikasimama juu ya lile tawi na panga mkononi. Mgomba una njaa kwa sababu jua haliufikii. Usanisi ni kuunganisha vitu vikatoa kitu kipya. Nuru ni nuru. Usanisinuru! Na fotosinthesisi je? Niliporudi mjini nikatafuta, nikakuta ni neno la Kigiriki: nusu yake ya kwanza ni nuru, na nusu ya pili ni kuunganisha. Waliotuundia neno la Kiswahili walifuata hatua zilezile. Bibi yangu, ambaye hakuvuka darasa la nne, alikuwa analijua jambo lenyewe. Mimi niliyepata alama zote nilikuwa nalijua jina lake tu.

Kuanzia hapo nikaanza kuyafungua maneno mengine. Kipenyo cha duara: mstari unaopenya katikati ya duara kutoka upande hadi upande. Mzingo: unaozunguka. Niliporudi kwenye hesabu za Kiingereza, sikuchanganya tena kipi kipi. Nina hakika wapo humu wadogo zangu wanaovichanganya mpaka leo, na si kwamba hawana akili.

Sasa naomba mnyooshe mikono. Nani amewahi kuvalishwa kibao shuleni kwa sababu aliongea Kiswahili?

Tazameni hiyo mikono. Na mzee pale nyuma naye amenyoosha.

Kwetu kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Aliyenaswa anaongea Kiswahili anakivaa, anakaa nacho mpaka amnase mwenzake, na wa mwisho kukivaa jioni anachapwa. Shule siitaji jina, kwa sababu si hiyo peke yake. Nitawaambia tu kilichotokea. Tulikuwa na mwenzetu aliyekaa dawati la mbele yangu, msichana mwepesi wa kuongea, akitoka nje ya geti anasimulia mpaka unasahau njaa. Ndani ya geti alikuwa bubu. Siku moja aliugua tumbo kipindi cha kwanza. Hakuwa na Kiingereza cha kusema linauma wapi na linauma namna gani, na kibao kilikuwa mikononi mwa jirani yake. Akavumilia vipindi vinne, mpaka akaanguka. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mtoto alipima, akaona afadhali maumivu kuliko kibao, na jambo hilo sijaweza kulisamehe.

Walioweka kibao walitaka tujue Kiingereza, naelewa. Na mimi Kiingereza nakitaka, nakipenda, na sasa nasoma chuo kwa lugha hiyo. Ila kibao hakikutufundisha hata neno moja. Kilitufundisha kunyamaza, na kumvizia mwenzako.

Habari ya sera nitaipitia haraka, wakubwa wanaijua kuliko mimi. Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ikapendekeza Kiswahili kiingie hadi sekondari, serikali haikukubali. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikazitaja lugha zote mbili kwa ngazi zote. Darasani mambo yakabaki yalivyo. Huo ni mjadala wa watu wazima na uendelee. Mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuusubiri uishe, ana mtihani.

Mimi nilisaidiwa na mahali ambapo mama alinikataza kwenda.

Pasua, tulikokulia, kulikuwa na kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja juu ya meza. Jioni mpira, mchana filamu za nje zilizotiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, ile kazi iliyomfanya mtafsiri Lufufu ajulikane nchi nzima. Wadogo zangu wa siku hizi mnazo kwenye simu. Mnajua ilivyo: mwigizaji anaongea, na mtafsiri anaongea juu yake, anamweleza, anamtetea, anakuonya kwamba yule mwenye koti si mtu mzuri.

Kwa muda mrefu nilimsikiliza mtafsiri peke yake. Siku moja, nikiwa kidato cha pili, nikajikuta nasikia na sauti ya chini, ya mwigizaji mwenyewe. Mwanamume kasimama mbele ya mama aliyefiwa na mwanawe. Akamwambia "I'm sorry". Daftari langu lilisema "sorry" ni samahani, tulifundishwa hivyo na tulifanya zoezi. Nikangoja mtafsiri aseme samahani. Akasema: "Pole sana mama. Poleni na msiba."

Nilishtuka kwenye lile benchi. Bila shaka ni pole! Yule bwana hakumkosea yule mama, atamwomba samahani ya nini? Waingereza wana neno moja pale ambapo sisi tunayo mawili: samahani kwa kosa langu, pole kwa maumivu yako. Na mtafsiri wa kibandani alikuwa sahihi kuliko zoezi letu, kwa sababu alimtazama yule mama kwanza, ndipo akatafuta neno.

Tangu siku hiyo nikawa naingia kibandani kama ninayeingia darasani. Nikawa nashindana na mtafsiri. Mwigizaji akisema jambo, nalifasiri haraka moyoni kabla yake, kisha nasikiliza kama tumepatana. Mara nyingi alinishinda. Mara nyingine nilimkamata ameongeza chumvi, na kumkamata kulinipa furaha ambayo hakuna mtihani uliowahi kunipa. Nyimbo nazo nilizifanya hivyo: naandika maneno ya Kiingereza jinsi ninavyoyasikia, nayapeleka kwenye Kiswahili, na pale yanapokosa maana najua nimesikia vibaya.

Msidhani kazi hii ni ya vibandani tu. Mwalimu Nyerere aliifanya akiwa Rais. Alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Juliasi Kaizari, mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa mchezo mwingine wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Simameni kidogo kwenye jina hilo la pili. Kwa Kiingereza Shakespeare ametaja mfanyabiashara, tena mmoja. Mwalimu hakuandika mfanyabiashara. Aliandika mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mkubali msikubali, aliusoma mchezo, akaamua unamhusu nani, ndipo akachagua neno. Mtu aliyekariri hawezi kufanya hivyo. Hana cha kuchagua.

Na sisi wa huku mlimani hatuna sababu ya kuogopa kuhama lugha. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakikutana sokoni Mbuyuni, kila mmoja akishika Kichagga chake hawatafika mbali, basi wanahamia Kiswahili, wanapatana bei, wanaagana kwa "aika", asante ya Kichagga. Hakuna anayevalishwa kibao.

Mama yangu anauza ndizi hapohapo Mbuyuni. Sekondari hakwenda. Nilipomweleza habari ya mgomba wa bibi, alianzisha utaratibu. Kila jioni, akishamaliza kuhesabu fedha zake, ananiita: "Haya, leo mmesoma nini? Niambie kama unaniambia mimi." Nikianza na maneno makubwa ananikata: "Hayo ni ya mwalimu. Mimi niambie." Nilipokwama, alijua, na mimi nilijua. Wazazi mlio humu, wengi mmeniambia nje pale kwamba hamwezi kuwasaidia watoto kwa sababu Kiingereza hamkijui. Mama yangu alinisimamia miaka minne bila hata sentensi moja ya Kiingereza. Alichohitaji ni kutokubali jibu asilolielewa.

Wadogo zangu, hili ndilo daftari langu. Kurasa zimekatwa katikati kwa mstari. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, na chini ya kila jambo kitu nilichokiona kwa macho. Kwenye mgomba nimechora mgomba. Ziko kurasa ambazo upande wa kulia ni mtupu hadi leo, na hizo ndizo ninazozirudia. Walimu wangu, siwaombi mbadilishe lugha ya mtihani, haimo mikononi mwenu. Nawaomba dakika tano mwishoni mwa kipindi, mtoto mmoja asimame aliseme somo kwa lugha anayoiotea ndoto, bila kuogopa.

Mdogo wangu yuko kidato cha kwanza. Juzi alirudi na neno osmosisi, analirudiarudia kama wimbo. Tulikuwa jikoni tunakata kabichi ya kachumbari. Nikamwambia akanyunyize chumvi, aache, arudi baada ya robo saa, kisha aje aniambie yale maji chini ya bakuli yametoka wapi. Nimemwomba aje leo na bakuli, kabichi na chumvi. Yuko pale mstari wa pili.

Njoo mdogo wangu, chukua kipaza sauti, uwaeleze.