Ni Nani Aliyewafinyanga?

Ndugu wasikilizaji,

Mwanafunzi wangu aliniletea jiwe la zambarau alilolinunua hapa Kampala kwenye semina ya uponyaji wa roho, pamoja na karatasi yenye mchoro wa mwili uliotiwa duara saba, kuanzia nyekundu chini ya uti wa mgongo hadi zambarau utosini. Aliambiwa kwamba ni hekima ya mababu zetu kabla ya wamisionari. Kiu iliyompeleka huko ni ya kweli, kwani alikuwa amefiwa na mama yake. Hata hivyo nilimweleza kwamba duara hizo, yaani chakra, vituo vinavyosemwa kuwa vya nguvu mwilini, zimetoka katika maandiko ya kitantra, mapokeo ya kidini ya India, ambayo yenyewe hayakubaliani juu ya idadi yake, na kwamba rangi za upinde wa mvua ziliongezwa na waandishi wa Magharibi katika karne ya 20.

Sisi pia tunayo ya kujichunguza. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wetu kutoka Gulu, alisimulia jinsi mapadre wa Kiitalia, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, basi swali likageuzwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwamba binadamu huzaliwa na mama yake. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo hadi akawa kibyongo, husemwa amefinyangwa na Rubanga. Hivyo jina la pepo wa maradhi likawa jina la Muumba.

Sisemi kwamba sala za Waacholi ni bure; jina hukua pamoja na wanaolitaja. Nasema tu kwamba tukiletewa jambo linaloitwa la kale, tuulize ni nani aliyeuliza, ni nani aliyejibu, na kwa lugha gani. Na tuulize mapema, kwa sababu Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la kidini lililotabiri mwisho wa dunia, waliokuwa wamekwisha kuuza mali zao, waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa.

Mwanafunzi yule sasa anaandika nyimbo za maombolezo anazoimbiwa na bibi yake, na pembeni mwa kila wimbo anaandika bibi aliusikia kwa nani.