Chumba Chenye Moshi: Mhadhara Kuhusu Kutazama na Kuanza

Mabibi na mabwana, vijana kwa wazee, asanteni kwa kufika. Naomba nianze na moshi.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Mtu alikaribishwa chumbani akapewa karatasi za maswali azijaze. Punde moshi ukaanza kupenya kwenye tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliinuka wakaenda kutoa taarifa. Kisha watafiti wakabadilisha kitu kimoja tu: wakamketisha mshiriki pamoja na watu wawili walioelekezwa kwa siri wasijali lolote. Safari hii, katika washiriki 10, aliyetoka kusema alikuwa mmoja. Wale 9 walibaki wakiandika huku wakikohoa na kufikicha macho. Walipoulizwa baadaye, maelezo yalikuwa tele: labda ni mvuke, labda ni mitambo ya hewa.

Lakini linalonigusa zaidi ni toleo jingine la jaribio hilo. Hapo watu watatu waliketi pamoja na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepangwa. Wote walikuwa wageni wa jambo lile. Yalikuwa makundi 8, na ni 3 tu ambamo alipatikana mtu wa kuinuka. Kwingine kote kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona ametulia, naye akatulia. Utulivu ule ulitoka wapi? Kila mmoja alikuwa akimwazima mwenzake.

Sasa fikirieni lile jambo mnalolitaka maishani, lile linalokuamsha usiku. Usiku, ukiwa peke yako, unaliona wazi na unajua muda unakwenda. Kunakucha, unawatazama rika lako. Huyu hajaanza lake, yule hana haraka, unajiambia basi hakuna linaloungua. Kumbe naye amekutazama wewe, amepata jibu lilelile.

Kuna kutazama kwa aina ya pili, nako nakujua kwa ndani. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini na sijui kuogelea. Kwa miaka miwili nilikwenda bwawani karibu kila Jumamosi, nikaketi ukingoni, nguo kavu, nikitazama. Niliweza kueleza mkono unavyoingia majini, kichwa kinavyogeuka kuvuta pumzi, mguu unavyopiga. Nilimwona anayekosea na nikajua kosa lake liko wapi. Taratibu nikaamini kwamba ninajifunza. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, ndugu zangu: kutazama kunachosha kama kazi, kwa hiyo jioni unarudi nyumbani ukihisi kuna ulichofanya.

Siku nilipoingia, yote niliyoyatazama yalinitoka. Maji yakaingia puani, miguu ikatafuta sakafu kwa hofu. Ujuzi wa miaka miwili haukunivusha hata mita tano. Lakini katika nusu saa ile niligundua kuwa ukitoa pumzi polepole, uso ukiwa ndani ya maji, hofu hulegea. Hilo nisingeliona kwa mtu mwingine hata ningeketi ukingoni miaka ishirini, maana hutokea chini ya maji, ndani ya kifua cha mtu.

Najua yuko atakayeniambia: subira yavuta heri. Naiheshimu methali hiyo, nimelelewa nayo. Lakini isikilizeni vizuri. *Yavuta*. Anayevuta kamba viganja humchubuka. Subira ni ya mtu aliyekwisha kuishika kamba, akaendelea kuvuta ijapokuwa kilichofungwa upande wa pili hakijaonekana. Asiyeshika kitu, huyo anangoja tu, na wazee walikuwa na neno lake: ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu tumeuita woga wetu kwa jina la subira. Mimi niliuita hivyo kwa miaka miwili.

Nije sasa kwenye jambo linalonihusu mimi niliyesimama mbele yenu. Mwaka 2002, nchini Uingereza, watafiti Milne, Orbell na Sheeran walichapisha matokeo yao juu ya watu 248. Lengo lilikuwa dogo: mtu afanye mazoezi ya mwili ya dakika 20 angalau mara moja katika wiki ijayo. Kundi la kwanza halikupewa msaada wowote. Waliofanya walikuwa asilimia 38. Kundi la pili lilisoma maelezo ya kuhimiza, namna mazoezi yanavyoukinga moyo na maradhi, asilimia 35. Kundi la tatu lilisoma maelezo yaleyale, kisha kila mtu akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya. Asilimia 91.

Yale maelezo ya kundi la pili ndiyo mhadhara wangu huu. Mkitoka hapa mioyo imewaka na hakuna kilichoandikwa, nitakuwa nimewapotezea muda, na hilo linaniuma kabla halijatokea.

Mimi mwenyewe niliingia majini kwa karatasi. Niliandika: *Jumamosi saa moja asubuhi, nikifika tu, nitaingia upande ambao maji yananifika kifuani, nitazamisha uso mara kumi.* Sikuandika kwamba nitakuwa mwogeleaji. Niliandika uso, na mara kumi. Kitu ambacho mtu aliyesimama kando angeweza kuhesabu.

Na ukikosa siku moja usikate tamaa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea. Kwa makadirio yao ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, kwa mwingine 18, kwa mwingine 254, na kuruka siku moja hakukuharibu safari.

Nimalizie kwa sarufi. Wanasaikolojia Thomas Gilovich na Victoria Medvec walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichofanya, lakini wakiyatazama maisha yao yote, hujutia zaidi wasichofanya. Kiswahili kinayo njia hiyo yote ndani ya kitenzi kimoja. *Nitaanza*, husema kijana. *Ningalianza*, husema huyohuyo, mvi zimeingia. Na hakuna jioni anayoweza kuitaja kwamba ndiyo alivuka kutoka neno la kwanza kwenda la pili.

Chini ya viti vyenu kuna karatasi na kalamu. Andikeni siku, saa, mahali, na tendo moja linaloweza kuhesabiwa. Msimtazame jirani anaandika nini. Nitanyamaza dakika tano, na wala sitaanza maswali kabla hazijaisha.