Mfuko wa sabuni wenye nembo, kwa gundi, bila kuuchoma

Haya, karibuni jamani. Leo tunatengeneza mfuko wa nailoni wa kufungia sabuni ya kipande, mbele una nembo yako, na hatuuchomi popote. Hakuna mashine ya kubana, hakuna pasi, hakuna mshumaa. Gundi tu, ile inayokuja kwenye tepu ya pande mbili. Tepu nauza, nailoni nauza, wino nauza, kwa hiyo msishangae nikivisifia. Ila kazi yenyewe naipenda hata ningekuwa siuzi kitu.

La sheria kwanza, maana najua maswali yataanzia hapo. Mifuko ya nailoni ya kubebea, yale marambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, myepesi kwa mizito. Huu wetu si wa kubebea, hauna hata pa kushika. Ni kifungashio, na kanuni za mwaka ule ziliacha vifungashio vya bidhaa za viwandani, kilimo, usindikaji wa chakula, afya, ujenzi na usafi. Sasa wewe ukiigeuza ukaanza kuwauzia watu wabebee nyanya, usinitaje. Mwenye shaka aende NEMC, baraza la mazingira la taifa, akaulize kabla hajanunua rola zima. Na ndugu zetu wa Kenya, kwenu marufuku ya tangu 28 Agosti 2017 inagusa hata mfuko bapa usio na mkono, kwa hiyo anzeni na NEMA, mamlaka yenu ya mazingira, video baadaye.

Mbona hatuchomi? Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Hii ni nailoni ya OPP, yaani plastiki ya PP (polipropilini) iliyovutwa, ile inayong'aa na ukiishika inalia kwachakwacha. Kiwandani imevutwa kwa urefu na kwa upana, ndiyo ikawa nyembamba na ngumu namna hii. Ukiipa moto inataka kurudi ilikotoka. Angalieni huu niliobana kwa mashine asubuhi: mshono umejikunja, na herufi ya mwisho ya nembo imevutwa ikaegemea pembeni. Ipo OPP inayokubali kuchomwa, ina tabaka jembamba juu linaloyeyuka mapema. Lakini madukani mara nyingi unapewa ya kawaida na hakuna anayekuambia.

Vitu: nailoni ya maikroni 30 au 40, tepu ya pande mbili ya milimita 6 na nyingine ya milimita 10, rula ya chuma, kisu cha wembe, fremu ya kuchapia yenye kitambaa cha nembo, skwiji (ule mpira wa kuvutia wino), wino wa PP na thina yake. Kadi ngumu moja. Kijiko.

Sasa tafuta upande unaokubali. Nailoni hii kwa asili haishiki wino wala gundi. Kiwandani huwa wanaipitisha kwenye cheche za umeme ili uso wake ukubali, na mara nyingi wanafanya upande mmoja tu. Ukichapa upande usio wenyewe, wino utakauka vizuri, utapendeza, na mteja atautoa kwa kucha. Dondosha maji. Huku tone limejikusanya kama ushanga na linateleza. Geuza... huku limelala, limetanuka kidogo. Huu ndio wetu. Wenye viwanda wana kalamu maalumu za kupimia, wanataka isome daini 38 kwenda juu, ndicho kipimo cha uso kukubali wino, sisi tuna maji. Ukitaka uhakika zaidi, paka wino kidogo pembeni, ukauke, bandika soltepu, ing'oe kwa nguvu. Wino ukibaki kwenye nailoni, endelea. Na rola lililokaa stoo muda mrefu lipime upya, hata kama lilikuwa zuri siku unalinunua, kwa sababu zile cheche nguvu yake hupungua na muda.

Vipimo. Sabuni yangu ina urefu wa sentimita 9, upana 6, unene 2.5. Jumlisha upana na unene, 8.5, ongeza nusu sentimita ya kupumulia: mfuko una upana wa 9. Karatasi ya nailoni unakata mara mbili ya hapo, 18, na 1.2 ya kupishanisha. 19.2. Urefu 16.5: 12 ni mfuko wenyewe, 1.5 ya kukunja chini, 3 za mfuniko. Katika zile 3 za juu, kata uondoe sentimita 5.1 kila upande, ubaki ulimi katikati. Kukata sielezi, kisu mnakijua. Wembe mpya tu.

Tunachapa kabla ya kugundisha. Usinigeuzie, mfuko uliokwisha gundishwa una kuta mbili na mshono unainua fremu. Nembo inakaa katikati kabisa ya karatasi, maana huko ndiko mbele ya mfuko, mshono unakwenda mgongoni. Na wino usifike kingoni, acha sentimita moja na nusu safi kila upande. Tepu ikikaa juu ya wino, inashika wino, haishiki nailoni. Ukivuta vinatoka vyote pamoja.

Kitambaa cha fremu kiwe cha nyuzi 120 kwa sentimita. Kile cha fulana, cha 43 au 55, kinamwaga wino mwingi, kwenye nailoni unapata matope. Fremu isiilalie nailoni, weka vipande vya kadi kwenye pembe ili ielee kama milimita 3, iguse pale tu skwiji inapopita. Wino wa fulana usitumie, wa stika za PVC nao unabanduka, tumia ulioandikwa PP. Madirisha wazi, na jiko liwe mbali, thina inashika moto. Haya, namwaga wino, navuta kwangu, mkono mmoja, kasi moja... hiyo. Safi. Hii rangi ya bluu mimi siipendi, ni ya mteja. Nembo ya rangi moja iliyokoza kwenye nailoni angavu inatosha kabisa, ila watu wanataka rangi tatu halafu wanalalamikia bei. Sabuni yenyewe ina rangi, ndani inaonekana, kwa nini ushindane nayo? Kuna mmoja aliniletea sabuni ya mwarobaini, kijani nzuri, anataka juu yake majani ya kijani, nikamwambia dada, hayo majani nani atayaona...

Ngoja. Ngoja, ngoja. Mnaona hii ya pili? Katikati ya nembo pana tundu jeupe. Nimeongea, wino umekaukia kwenye kitambaa. Wino wa PP hausubiri hadithi. Usiongeze nguvu kwenye skwiji, utachana kitambaa. Kitambaa kikavu, thina kidogo, futa upande wa chini, chapa mara mbili kwenye gazeti... imefunguka. Na ukimaliza kila karatasi, rudisha wino juu ya nembo bila kukandamiza, uilowanishe ukisubiri inayofuata.

Zianike moja moja. Nusu saa hazishikani na mkono, lakini mshono uzifanyie kesho. Zilizokauka jana hizi hapa.

Sasa gundi, na hapa naomba utulivu. Kuna namna mbili za kuunganisha. Chukua vipande viwili vya nailoni, weka tepu ya urefu uleule. Hii nimebandika midomo uso kwa uso, kama unavyofunga bahasha ya karanga, mikia yote imetazama upande mmoja. Navuta... imefunguka kama zipu, kwa vidole viwili. Hii nyingine nimepishanisha, kipande kimoja juu ya kingine, navuta huku na huku... navuta... mkono unauma. Gundi ileile. Ukiibandua kutoka ukingoni unapambana na uzi mmoja wa gundi kwa wakati, ukiivuta kwa kulala inakukabili yote pamoja. Ndiyo maana mshono wetu unapishana.

Lakini kupishanisha kuna gharama yake: upande mmoja wa tepu utashika uso wa nje, ule uliopata cheche, na wa pili utashika uso wa ndani ambao huenda haukupata. Hivyo ama nunua nailoni iliyopitishwa cheche pande zote mbili, ama tumia tepu yenye gundi ya mpira. Gundi ya akriliki kwenye uso mkaidi inashikashika tu. Gundi nyeupe ya mbao usijaribu, ikikauka inatoka nzima kama ngozi ya maziwa.

Zungushia nailoni kwenye kadi yenye upana wa 8.8, nembo chini, kingo mbili zikutane mgongoni. Juu ya kadi, pale mshono utakapopita, bandika ile karatasi telezi inayotoka kwenye tepu. Msiitupe hiyo karatasi! Gundi haiishiki. Tepu ikiteleza nje ya ukingo itagusa karatasi telezi, haitagusa ukuta wa pili. Bila hiyo unafunga mfuko wako kwa ndani na sabuni haiingii ng'o.

Kupishana ni milimita 12, tepu ni ya 6. Kwa makusudi. Tepu iwe nyembamba kuliko pishano, na ikae katikati yake. Narudia kwa sababu picha za mifuko iliyojifunga nazipokea kila mara: tepu 6, pishano 12. Usichukue ya 12 ukadhani itakuwa imara zaidi.

Weka tepu kwenye ukingo wa chini, isugue na ngozi yake, ile karatasi telezi, ikiwa bado juu. Ncha ya ngozi ikunje kidogo kwa wembe upate pa kushika. Sasa usiibandue yote. Bandua sentimita 2 tu, lenga ukingo wa juu na mstari, gusisha hizo 2. Umelingana? Ndipo unavuta ngozi kwa pembeni, taratibu, huku kidole kinafuata nyuma. Usiubandue wote ukaushusha mara moja. Nailoni ina umeme wa msuguano, itajirukia yenyewe kwenye gundi kabla hujalenga. Na ikishagusa imegusa. Ukiinyofoa inajinyoosha, inabaki na mawimbi...

Oh! Nani kawasha feni? Mdogo wangu, zima hiyo feni. Mnaona, imepeperuka yenyewe, pishano limekwenda mshazari, huku 12, kule 4. Huu unakwenda pembeni, sihangaiki nao. Feni imezimwa. Nafuta meza kwa kitambaa chenye unyevunyevu, inapunguza ule umeme. Tena. Sentimita 2... lenga... vuta ngozi... kidole nyuma. Huo.

Sasa kijiko. Geuza mgongo wa kijiko, sugua mshono wote kwa nguvu, mara kadhaa. Tepu hii hushika kwa kukandamizwa, na inaendelea kukomaa. Mfuko wa sasa hivi na mfuko wa kesho si sawa, usiupime kwa hasira leo. Chomoa kadi, na ile karatasi telezi itoke nayo.

Chini ni rahisi: kunja 1.5 kuelekea mgongoni, tepu ya 6, sugua. Pale nje inakutana na nje, inashika vizuri. Pembe mbili za chini hazizibi hewa kabisa, kwa sabuni haina neno. Bisi au kashata sikushauri, zitalegea. Kwenye ulimi, upande wa ndani, weka tepu ya 10 na ngozi yake iache. Ataibandua anayefunga sabuni.

Na sabuni yenyewe iwe imekauka. Ile isiyopikwa inataka wiki 4 hadi 6 hewani; ukiifunga mbichi nailoni inaweka ukungu ndani, na mafuta ya manukato yakifika kwenye tepu yanailegeza. Kabla ya kufunga 500, funga mmoja, uache juani mchana kutwa kwenye bati au ndani ya gari, kisha uutingishe. Jua la Dar litakuambia kuhusu tepu yako kuliko mimi.

Wa Kariakoo mnapajua. Wa mikoani andikeni pale chini: rola ngapi, tepu ya 6 au ya 10, nailoni ya cheche upande mmoja au pande mbili, na mpo mkoa gani. Mzigo tunaupakia kwenye basi la jioni, nauli ya mzigo ni yenu.