Mkopo unalipiwa, kodi inabaki kwako

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Wengi humu mmesoma udaktari wa meno hapa Marekani, deni mnalo, na najua kuna wanaofikiria kuacha kliniki waende wakafundishe. Kuna shule zinapata ruzuku ya HRSA, wakala wa afya wa serikali kuu, ya kuwalipia walimu wa meno mikopo yao, na inaenda hivi: mwaka wa kwanza asilimia 10 ya deni ulilokuja nalo, halafu 15, 20, 25, mwaka wa 5 asilimia 30. Jumlisha, deni lote kwisha. Tamu eh?

Sasa kodi. Hata kama hiyo hela imeenda moja kwa moja kwa aliyekukopesha na wewe hujaigusa, IRS, yaani watu wa kodi wa serikali kuu, wanaihesabu ni kipato chako. Tuseme unadaiwa dola laki 2, mshahara laki 1 na 20 elfu, hujaoa. Mwaka wa 5 wanakulipia elfu 60, hiyo inakaa juu ya mshahara, karibu yote kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 24, yaani kodi ya kama dola 14,400 ambayo utaitoa mfukoni mwako, na bado hatujagusa kodi ya jimbo! Na ona inavyopanda, mwaka wa kwanza ilikuwa elfu 20 tu, hukusikia maumivu, ukajua ndo hivyo hivyo.

Kinachoniudhi mimi ni hiki: mwenzako aliyeenda kliniki ya kijijini kupitia National Health Service Corps, mpango wa serikali kuu wa kupeleka wahudumu wa afya sehemu zenye uhaba, analipiwa mkopo na hiyo hela haikatwi kodi ya serikali kuu, tangu sheria ya 2004, na 2010 wakaongeza na mipango ya majimbo ya kupeleka huduma sehemu zenye uhaba. Wewe uliyemfundisha kuziba jino unakatwa. Muswada wa kurekebisha hili umeshapelekwa Congress, tena zaidi ya mara moja.

Dada pale anauliza kuhusu waajiri wa kawaida. Ndio, tangu 2020 mwajiri anaweza kukulipia mkopo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kodi, ilikuwa iishe 2025 ila wakaifanya ya kudumu. Lakini ukienda HR usiulize tu "mnasaidia mikopo?", uliza kama mpango wenyewe umeandikwa, maana usipokuwa kwenye maandishi huo msamaha huupati. Mpeni maiki yule kaka.